Malimau ya Mombasa yaliyowainua mabaharia wa Vasco da Gama

Jioni ya Jumamosi, Aprili 7, 1498, merikebu tatu za Wareno zilitia nanga nje ya lango la bandari ya Mombasa. Hazikuthubutu kuingia ndani. Kiongozi wake, Vasco da Gama, alikuwa ametoka kupigana na wenyeji wa kisiwa cha Msumbiji, na hofu ya kulipizwa kisasi ilikuwa imemjaa moyoni.

Hata hivyo, adui aliyewaua watu wake wengi zaidi hakuwa nchi kavu. Alikuwa ndani ya merikebu zenyewe. Mabaharia wengi walikuwa wagonjwa. Mikono na miguu ilikuwa imevimba, na fizi zilikuwa zimeota juu ya meno kiasi cha mtu kushindwa kula.

Siku sita baadaye merikebu hizo ziling'oa nanga. Baharia aliyeweka kumbukumbu za safari alikuwa amekwisha kuandika kwamba wagonjwa wote walipata afya walipofika Mombasa, na akaishukuru rehema ya Mungu na hewa nzuri ya mji huu. Katika kurasa zizo hizo alitaja, kama jambo la kawaida tu, kwamba mfalme wa Mombasa alileta zawadi ya kondoo, machungwa, malimau na miwa.

Maisha ya da Gama yamesimuliwa mara nyingi kama habari ya mizinga, tanga na tamaa ya pilipili manga. Makala haya yanayatazama kwa upande ambao yeye mwenyewe hakuujua hadi anakufa: atomi chache zilizokosekana katika miili ya watu wake, zikapatikana katika matunda ya mji ambao angeuachia uhasama wa miaka 200.

MWANA WA SINES

Vasco da Gama alizaliwa katika miaka ya 1460 mjini Sines, bandari ndogo kusini mwa Ureno. Babake, Estêvão da Gama, alikuwa kabaila wa ngazi ya chini aliyesimamia ngome ya mji huo. Kijana alikulia kati ya kuta za ngome na mawimbi ya Atlantiki, na mambo hayo mawili, vita na bahari, ndiyo yaliyoyatawala maisha yake.

Jina lake lilianza kusikika mwaka 1492. Mfalme João II alimtuma Setúbal na pwani ya Algarve kukamata merikebu za Wafaransa, kulipiza kisasi kwa shambulio dhidi ya merikebu ya Ureno. Alitekeleza amri hiyo upesi na bila ya huruma, na watawala hawakusahau.

Wakati huo Ureno ilikuwa ikitafuta njia yake yenyewe ya kufika India. Viungo vya Mashariki vilifika Ulaya kupitia Bahari ya Shamu na mikono ya wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Venice, na kila mkono uliongeza bei. Bartolomeu Dias alikuwa ameizunguka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1488, lakini mabaharia wake walikataa kuendelea. Mfalme Manuel I, aliyetawazwa mwaka 1495, alimchagua da Gama kuikamilisha kazi hiyo.

Msafara uliondoka Lisbon Julai 8, 1497 ukiwa na merikebu nne na watu wapatao 170. Da Gama aliongoza São Gabriel, nduguye Paulo akaongoza São Rafael, na Nicolau Coelho akaongoza Berrio. Merikebu ya nne ilibeba chakula, nayo ilivunjwa na kuchomwa moto katika pwani ya Afrika Kusini baada ya shehena yake kugawanywa.

Badala ya kuambaa na ufuo, da Gama alijitosa mbali ndani ya Atlantiki ili kupata upepo mwafaka. Aliondoka visiwa vya Cape Verde Agosti 3 na hakukanyaga nchi kavu hadi mwanzoni mwa Novemba, zaidi ya siku 90. Christopher Columbus, alipovuka Atlantiki kutoka Visiwa vya Kanari mwaka 1492, alikaa baharini siku 36 tu.

Tofauti hiyo ya siku ilikuwa na uzito ambao hakuna nahodha aliyeujua. Chakula cha mabaharia kilikuwa biskuti kavu, nyama ya chumvi, samaki mkavu na mvinyo. Kilishibisha na kutia nguvu ya kuvuta kamba. Kilichokosekana ndani yake hakikuonekana kwa macho wala kwa ulimi.

UGONJWA USIO NA JINA

Januari 1498 msafara ulitia nanga katika mto ulio karibu na mahali uitwapo sasa mji wa Quelimane, nchini Msumbiji. Walikaa hapo kiasi cha mwezi mzima wakikarabati merikebu. Ndipo maradhi yalipowashukia kwa kishindo na watu wakaanza kufa.

Sisi leo tunauita ugonjwa huo kiseyeye. Huanza kwa uchovu na maumivu ya viungo. Kisha mishipa midogo ya damu hupasuka chini ya ngozi na kuacha madoa. Fizi huvimba na kutoa damu, meno hulegea, na majeraha ya zamani yaliyokwisha kupona huweza kufunguka tena. Mwisho wake, asipotibiwa, ni kifo.

Kuelewa yaliyowapata watu wa da Gama kunahitaji kushuka hadi kwenye vitu vidogo kabisa vinavyoujenga mwili.

Kila kiumbe hai kimejengwa kwa elementi, yaani vitu asilia ambavyo haviwezi kugawanywa kwa kemia kuwa vitu vingine. Sehemu ndogo kabisa ya elementi ni atomi. Zimo elementi nyingi katika mwili wa mwanadamu, lakini nne tu, yaani oksijeni, kaboni, haidrojeni na naitrojeni, huchukua asilimia 96 hivi ya uzito wake. Oksijeni peke yake ni kama asilimia 65, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili ni maji.

Atomi haziishi kila moja kivyake. Huungana kwa vifungo. Katika kifungo cha kawaida cha vitu vyenye uhai, atomi mbili hushirikiana elektroni zao, mithili ya majirani wawili walioshika ncha mbili za kamba moja. Haidrojeni ina mkono mmoja wa kushikia. Oksijeni ina miwili, naitrojeni mitatu, na kaboni minne. Mikono hiyo minne ndiyo inayoifanya kaboni kuwa uti wa mgongo wa uhai: inaweza kujipanga minyororo na duara, na kubeba elementi nyingine pembeni.

Atomi zikishikana hivyo hupatikana molekuli. Sukari, mafuta, protini na vitamini zote ni mpangilio tofauti wa elementi zile zile chache. Tofauti ya dawa na kisichokuwa dawa inaweza kuwa atomi mbili au tatu tu.

MWILI KAMA MTEPE

Mkazi wa pwani ya wakati ule angeuelewa ugonjwa huu kwa mfano wa chombo chake. Mtepe, jahazi la kale la Waswahili, haukupigiliwa misumari. Mbao zake zilitobolewa na kushonwa kwa kamba za usumba wa nazi. Usumba ukioza, mbao hubaki nzima, lakini chombo hupwaya, maji huingia, na hatimaye chombo huachana baharini.

Mwili wa mwanadamu nao umeshonwa. Kamba yake ni protini iitwayo kolajeni, ambayo ni karibu theluthi moja ya protini zote mwilini. Ndiyo inayoshikilia ngozi, fizi, mishipa ya damu, mifupa na makovu. Kila uzi wa kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, kama msokotaji wa usumba anavyosokota nyuzi kupata kamba imara.

Ili msokoto huo ushike, mwili hupachika atomi za oksijeni katika sehemu maalumu za kila uzi. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya chenye atomi moja ya chuma katikati yake. Mara kwa mara chuma hicho hupoteza elektroni, kikawa katika hali ile ile ya chuma kilichomo katika kutu, na kimeng'enya kikasimama kufanya kazi. Hapo ndipo inapohitajika vitamini C. Molekuli yake hukirudishia chuma elektroni, na kazi ya kusokota ikaendelea.

Vitamini C ikikosekana, mwili huendelea kutengeneza nyuzi, lakini nyuzi zisizo na oksijeni ya kutosha. Kamba za namna hiyo hufumuka katika joto lililo chini hata ya joto la kawaida la mwili. Kwa kuwa kolajeni ya zamani hubomolewa na kujengwa upya kila siku, hata kovu la miaka mingi hatimaye hukosa kamba ya kulishika.

Molekuli yenyewe ni ndogo mno. Ina atomi 6 za kaboni, 8 za haidrojeni na 6 za oksijeni, jumla 20. Mtu mwenye afya huwa na akiba ya gramu moja na nusu hivi mwilini mwake, chini ya nusu ya kijiko cha chai. Asipoipata kabisa katika chakula, dalili za kiseyeye huanza kati ya mwezi mmoja na miezi mitatu. Da Gama alikuwa amewapitisha watu wake baharini zaidi ya siku 90 kwa biskuti na nyama ya chumvi.

WIKI MOJA MOMBASA

Mombasa waliyoiona Wareno ilikuwa mji mkubwa juu ya mwinuko uliopigwa na bahari. Ngome ya Yesu haikuwapo. Ingejengwa karibu karne moja baadaye. Bandari ilijaa vyombo vilivyopambwa bendera, na biashara yake ilifika Uarabuni na Gujarat.

Usiku wa kwanza jahazi lenye watu kama 100 wenye silaha lilizikaribia merikebu. Da Gama aliwaruhusu wakubwa wachache tu kupanda. Kesho yake, Jumapili ya Matawi, zikafika zawadi za mfalme: kondoo, machungwa, malimau na miwa kwa wingi, pamoja na pete kama dhamana ya amani. Da Gama alirudisha ushanga wa marijani na kuwatuma watu wawili mjini, wakapokewa vyema na kuonyeshwa sampuli za karafuu, pilipili na tangawizi.

Zawadi zile tatu, zikitazamwa kwa jicho la kemia, ni somo kamili.

Muwa ni sukari. Atomi zake ni zile zile za kaboni, haidrojeni na oksijeni, lakini mpangilio wake ni wa kutia nguvu, si wa kushona. Baharia mwenye kiseyeye angeweza kutafuna muwa asubuhi hadi jioni na fizi zake zisipone.

Kondoo hahitaji limau. Ini lake huchukua glukosi, sukari yenye atomi 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni, likaigeuza hatua kwa hatua hadi kuwa vitamini C. Linganisha hesabu: tofauti ya mwisho ni atomi 4 za haidrojeni. Mbuzi, ng'ombe na wanyama wengine wengi wanaweza kufanya hivyo. Mwanadamu hawezi. Amerithi kasoro katika jeni moja inayotengeneza kimeng'enya cha hatua ya mwisho, kasoro anayoshirikiana na nyani wakubwa, na mfano wake umo pia kwa panya-buku wa kufugwa na aina kadhaa za popo. Kondoo aliyeletwa merikebuni alikuwa akijitengenezea tiba ambayo watu waliomchinja walikuwa wakifa kwa kuikosa.

Limau na chungwa ndiyo yaliyobeba kilichokosekana. Gramu 100 za limau zina kiasi cha miligramu 50 za vitamini C, ilhali miligramu 10 kwa siku zinatosha kuzuia kiseyeye. Mgonjwa akianza kula matunda hayo, uchovu hupungua ndani ya siku moja au mbili, na fizi huanza kupona katika siku chache zinazofuata. Siku sita za Mombasa zilitosha kuwainua watu walioletwa wakiwa wamelala.

Lakini urafiki haukudumu hata nusu ya siku hizo. Jumanne, Aprili 10, merikebu zilipojaribu kuingia bandarini, São Gabriel ilikataa kugeuka na ikagongana na merikebu iliyofuata nyuma. Nanga zikateremshwa kwa haraka. Katika heka heka ile, wenyeji waliokuwa ndani waliondoka, na marubani waliochukuliwa Msumbiji wakajitupa majini na kuogelea hadi kwenye jahazi la watu wa Mombasa.

Da Gama akaona kuna njama. Usiku ule aliamuru mafuta yanayochemka yadondoshwe juu ya ngozi za mateka wawili Waislamu hadi waseme. Walisema kwamba mpango ulikuwa kuwakamata Wareno wakishaingia bandarini, kulipiza yale waliyoyatenda Msumbiji. Walipotaka kuteswa tena, mmoja wao alijitupa baharini mikono ikiwa imefungwa. Wa pili alifanya vivyo hivyo kabla ya alfajiri. Usiku huo huo waogeleaji wa Mombasa walijaribu kukata amari ya Berrio.

Mafuta yaliyoziunguza ngozi zile, nayo ni kaboni, haidrojeni na oksijeni. Ngozi iliyounguzwa ilishonwa kwa kolajeni ile ile iliyokuwa ikijirudi katika fizi za Wareno wiki hiyo hiyo, kwa matunda ya mji huo huo. Asubuhi ya Aprili 13 merikebu zilitweka tanga kuelekea kaskazini, zikiwa na watu wenye afya.

HEWA ILIYOSINGIZIWA

Malindi, iliyokuwa na ushindani wa muda mrefu na Mombasa, iliwapokea wageni kwa mikono miwili na kuwapa rubani. Waliondoka Aprili 24, mwanzo wa upepo wa kusi, wakaiona India baada ya siku 23 na kutia nanga karibu na Calicut Mei 20, 1498. Njia ya baharini kutoka Ulaya hadi India ikawa imefunguliwa.

Kurudi kulikuwa jambo jingine. Da Gama hakuelewana na mtawala wa Calicut, na hakuwa na subira ya kungojea kaskazi ishike barabara kama wafanyavyo manahodha wa pwani yetu. Aliondoka kisiwa cha Anjediva Oktoba 5, akakumbana na utulivu wa bahari na pepo za mbisho. Safari iliyomchukua siku 23 kwenda ilimchukua miezi mitatu kasoro siku chache kurudi. Alipoiona pwani ya Mogadishu, Januari 2, 1499, watu 30 walikuwa wamekufa njiani na kila merikebu ilibakiwa na watu saba au wanane tu wenye uwezo wa kufanya kazi.

Januari 7 walifika Malindi. Jambo la kwanza waliloliomba wagonjwa lilikuwa machungwa, na da Gama akamtuma mtu pwani kuyaleta. Hii ni dalili kwamba mabaharia wenyewe, kwa uzoefu wa miili yao, walikuwa wamekwisha kujua. Ila kwa wengi muda ulikuwa umekwenda mno. Walikufa hapo hapo Malindi huku matunda yakiwa mikononi.

Mwandishi wa kumbukumbu alitafuta sababu na akaandika kwamba hewa ya Malindi haikuwafaa wagonjwa. Miezi tisa hivi kabla ya hapo aliisifu hewa ya Mombasa kwa kuwaponya. Hewa haikuwa na kosa Malindi, wala haikuwa na sifa Mombasa. Ushahidi ulikuwa katika maganda yaliyotupwa sitahani, na hakuna aliyeuokota.

Waliondoka Malindi Januari 11 na kupita mbele ya Mombasa bila ya kusimama. Januari 13, katika pwani iliyo karibu na Tanga, waliichoma moto São Rafael kwa sababu watu waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Paulo da Gama, aliyekuwa nahodha wa merikebu hiyo, alifia kisiwani Terceira, katika Azores, akiwa karibu kufika nyumbani. Da Gama aliingia Lisbon akiwa shujaa aliyempoteza nduguye na zaidi ya nusu ya watu wake.

KIFO COCHIN

Safari yake ya pili, mwaka 1502, ilikuwa ya mabavu tangu mwanzo. Aliitia Kilwa kabari hadi ikakubali kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Karibu na pwani ya India aliikamata merikebu ya mahujaji waliokuwa wakirudi kutoka Makka, akaiteketeza pamoja na mamia ya watu waliokuwamo, wake kwa watoto. Kisha akaupiga mizinga mji wa Calicut.

Baada ya hapo aliishi Ureno kwa miaka mingi, akidai vyeo na ardhi aliyoahidiwa. Mwaka 1519 alifanywa Kaunti wa Vidigueira. Mwaka 1524 Mfalme João III alimrudisha India akiwa makamu wa mfalme, kusafisha utawala uliojaa ufisadi. Alifika Septemba, akaanza kazi kwa ukali wake uliozoeleka, na akafariki Cochin Desemba 24 mwaka huo huo. Alizikwa katika Kanisa la Mtakatifu Francis mjini humo, na miaka kadhaa baadaye mabaki yake yakahamishiwa Ureno. Leo kaburi lake liko katika monasteri ya Jerónimos, Lisbon, karibu na mahali alipoanzia safari ya 1497.

JIBU LA KARNE NNE

Alichokiona na kukikosa da Gama kiliendelea kuwaua mabaharia kwa zaidi ya miaka 200. Kwa sadfa ya tarehe, Mei 20, 1747, daktari wa Scotland, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye na kuwagawa wawili wawili. Kila jozi ilipewa tiba yake. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku walipona upesi kuliko wote. Mmoja alirejea kazini baada ya siku sita. Hata hivyo, jeshi la wanamaji la Uingereza halikuagiza maji ya limau kwa meli zake hadi mwaka 1795.

Sababu ya kuchelewa huko ni ya kikemia pia. Madaktari waliyachemsha maji ya limau ili yasioze. Lakini vitamini C haivumilii moto na hewa: hupokonywa atomi mbili za haidrojeni, na baadaye duara lake la atomi huvunjika lisiweze kurekebishwa. Dawa waliyoihifadhi kwa kuichemsha ilikuwa na uchungu wa limau bila ya tiba yake, na watu wakadhani limau halifai.

Mwaka 1928 mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, aliitenga molekuli yenyewe. Kufikia mwaka 1932 ilikuwa imethibitishwa kuwa ndiyo vitamini C, na Walter Norman Haworth wa Birmingham akaupanga muundo wa atomi zake. Wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1937, Szent-Györgyi katika tiba na Haworth katika kemia. Ilikuwa miaka 439 tangu makapu ya malimau yapandishwe merikebuni Mombasa.

MALIPO

Mombasa ililipwa mapema zaidi. Agosti 1505, miaka saba tu baada ya zawadi ya mfalme, Francisco de Almeida aliuteka mji, akaupora na kuuchoma moto. Nuno da Cunha aliurudia mwaka 1528. Mwaka 1589 ukashambuliwa tena. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu juu ya mwamba wa matumbawe penye mlango wa bandari ya kale, ambao da Gama aliogopa kuuingia. Walitolewa humo Desemba 1698, baada ya kuzingirwa na majeshi ya Oman kwa karibu miaka mitatu, na maradhi na njaa ndani ya kuta yaliwaua wengi kuliko panga na mizinga.

Haifai kusema kwamba malimau ndiyo yaliyoleta ukoloni. Mfalme wa Mombasa alifuata desturi ya kumkirimu mgeni aliyetia nanga mlangoni, na huenda pia alikuwa akimpima. Lakini ni kweli kwamba merikebu zilizofika hapa zikiwa na wagonjwa ziliondoka zikiwa na mabaharia, na kwamba bila ya mikono ya kuvuta kamba hakuna merikebu inayofika Calicut.

Malindi wanayo nguzo iliyopewa jina la da Gama, na watalii huipiga picha. Mombasa haina kumbukumbu yoyote ya makapu yale. Ila ukipita Marikiti asubuhi, kandokando ya Mji wa Kale, utawakuta wauzaji wamepanga ndimu, malimau na machungwa mafungu mafungu juu ya magunia, na akina mama wakiyabonyeza kwa kidole kabla ya kununua. Kila tunda lina molekuli ile ile yenye atomi 20, kama ilivyokuwa Jumapili ya Matawi ya mwaka 1498. Mnunuzi hulipa, akafungasha, akaenda zake kukamulia mchuzi wa samaki.